Marehemu Josephat Maluki Mwangangi, Kocha Aliyechagua Makipa

Marehemu Josephat Maluki Mwangangi alizaliwa tarehe 3 Aprili 1966 hapa Ngoliba, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mwangangi Muasya na marehemu mama yetu Nduku. Mimi ni Ndila, niliyemfuata kwa kuzaliwa. Kamati ya mazishi imenipa kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma kwa sababu, wanasema, hakuna anayemjua kama mimi. Hilo ni kweli. Nimekuwa katibu wa timu yake, Mkonge Stars, tangu mwaka 2005, na kwa muda huo wote hatujawahi kukubaliana juu ya mchezaji hata mmoja. Kamati iliniomba pia nisizungumzie mpira sana, kwa heshima ya kanisa. Sasa jameni, nitamzungumzia Maluki bila mpira niseme nini? Nizungumzie mvua?

Wapo pia walionivuta kando wakaniambia nisiguse mambo ya Mutiso. Mutiso ni kitinda mimba wa marehemu, ameketi pale mbele kando ya mama yake, na kila mtu hapa anajua kwamba yeye na baba yake hawakuwa wakizungumza tangu Desemba. Kila mtu anajua pia kwamba keshokutwa, Jumamosi, timu zetu sita zinakutana Gatuanyaga kuchagua wachezaji wapya, kwamba Mutiso atakuwa kwenye mstari wa vijana wa kuchaguliwa, na kwamba timu ya baba yake ndiyo inayochagua kwanza. Nikinyamaza leo, nitasemea wapi? Nitafika huko. Wacha kwanza nifuate utaratibu, Mchungaji asinikasirikie.

Marehemu alianza shule ya msingi hapa Ngoliba mwaka wa 1973, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1979, kisha akasoma sekondari upande wa Thika hadi kidato cha nne, mwaka wa 1983. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kuamka. Walimu walimpenda. Sisi tuliocheza naye jioni ndio tuliopata taabu. Mnajua watoto wanavyogawana timu: wawili wanasimama mbele, huyu anataja mmoja, yule anataja mwingine, kwa zamu, na mpira unaanza. Maluki akipewa nafasi ya kutaja, tumekwisha. Anamtazama huyu, anamtazama yule, anazunguka nyuma yao, anauliza nani ameumia mguu, nani ametumwa kuangalia kondoo na atakimbia nyumbani kabla mechi haijaisha. Mama alikuwa akituita twende tukachote maji na hata mpira haujapigwa. Siku moja nilimwambia, kwani unachagua mke? Alikuwa na miaka kumi. Akanijibu kwamba mke unaweza kukaa naye ukazoea, lakini beki mbaya hazoeleki. Mimi nilimpiga na kiatu.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa beki wala kipa. Alikuwa mshambuliaji, mfupi, mwenye mbio, na ukimpa nafasi ndogo mbele ya goli umeumia. Wazee waliopo watakumbuka Desemba ya 1986, timu ya kiwanda kimoja cha nguo cha Ruiru ilipokuja kucheza hapa na Maluki akawafunga mara mbili. Jioni hiyo walirudi Ruiru naye ndani ya lori lao, na mfuko wa nguo ambao mama aliufunga akilia. Walimpa kazi kiwandani Januari ya 1987 na jezi yao. Huku nyuma timu yetu ya wakati ule haikumaliza msimu. Bila yeye hakukuwa na wa kufunga, vijana wakafa moyo, uwanja ukarudi kuwa wa mbuzi. Maluki hakuzungumzia jambo hilo kwa miaka mingi, lakini nawaambia lilimkaa moyoni kama mfupa kooni.

Ruiru ilimlea. Kiwandani alianza kwa kubeba marobota, baadaye wakampeleka kwa mafundi wa mitambo, akajifunza kazi mpaka akawa fundi kamili mwenye cheti. Hapo ndipo alipompata rafiki yake Boaz, aliyecheza naye winga, na ambaye leo ni kocha wa Ruiru Umoja na mwalimu katika chuo cha ufundi huko huko. Boaz yuko nasi, amekuja tangu jana, tunamshukuru. Na hapo kiwandani ndipo alipompata Nekoye, binti wa Bungoma, aliyekuwa akifanya kazi upande wa kushona.

Walifunga ndoa kanisani Ruiru tarehe 10 Agosti 1996. Lakini kabla ya harusi ilibidi twende Bungoma kujitambulisha na kuzungumza mahari, na hapo nilimwona ndugu yangu kwa rangi zake kamili. Wiki tatu alikaa akipanga ni wazee gani wataenda. Mjomba huyu anaongea vizuri lakini akipewa chai anakubali kila kitu. Mjomba yule ni mkali lakini hukasirika mapema, afadhali aingie mwishoni. Baba yetu, masikini, aliambiwa akae benchi. Mtu wa kwanza aliyechaguliwa alikuwa babu yetu mdogo, mzee ambaye kazi yake pekee ilikuwa kuketi karibu na mlango, asiseme neno, na kila bei ikitajwa atikise kichwa. Nilimuuliza Maluki mzee asiyeongea anaenda kufanya nini kwenye mazungumzo. Akasema, Ndila, huyo ndiye kipa. Nekoye anasema watu wa kwao hadi leo wanauliza yule mzee bubu yuko wapi. Hakuwa bubu. Njia nzima ya kurudi aliongea peke yake.

Mungu aliwabariki na watoto wawili, Mbinya aliyezaliwa 1998, na Mutiso aliyekuja kwa kuchelewa, tarehe 21 Mei 2006, wakati mama yake alikuwa ameshakubali kwamba yatosha. Maluki alikuwa mume mwema. Hakuwahi kuinua mkono wala sauti. Alikuwa tu na tabia ya kumwamsha mkewe kumuuliza kama mtoto wa fulani anaweza kucheza nambari nne.

Mwaka wa 2003 aliacha kazi ya kiwanda, goti likiwa limeshakataa mpira, akarudi nyumbani na kufungua karakana ya kutengeneza pampu za maji pale Gatuanyaga. Wakulima wengi walioko hapa wanajua kazi yake. Pampu ikitoka mikononi mwake, hurudi kwake baada ya miaka. Mwaka uliofuata akaanzisha Mkonge Stars. Hakuna aliyemtuma. Nafikiri alitaka kurudisha alichoondoka nacho, ingawa ukimwambia hivyo anakuuliza kama umemeza redio.

Kwa ajili ya wageni, nieleze hii siku ya kuchagua. Zamani timu za huku zilikuwa zikiibiana wachezaji. Kijana anamaliza kidato cha nne, jioni huyu anamletea viatu, asubuhi yule anamwitia nyama choma, na msimu ukianza ana jezi tatu nyumbani. Mwaka wa 2009 watu walipigana mawe uwanjani kwa sababu ya winga mmoja. Ndipo timu sita, kutoka hapa hadi Ruiru, zikakaa katika ukumbi wa kanisa na kukubaliana: kila Januari, vijana wote waliomaliza shule na wanaotaka kucheza ligi yetu watakuja uwanja mmoja, asubuhi wacheze wakitazamwa, mchana wasimame mstari, na timu zichague kwa zamu. Iliyoshika mkia inachagua kwanza. Watu wa Gatuanyaga, kwa sababu wao kila wiki ni kuuza mbuzi, wakaiita siku hiyo mnada, na jina likashika. Maluki alilichukia. Alikuwa akisema vijana wa watu hawana bei.

Sheria mbili kati ya zile aliziweka yeye mwenyewe, akazitetea mpaka sauti ikakauka. Ya kwanza, ukichaguliwa na timu unakaa nayo miaka mitatu, hakuna kubadilishana, hakuna kuombwa, hakuna machozi ya mama. Ya pili, timu na kijana, au timu na timu, wakipatikana wamepatana pembeni kabla ya siku yenyewe, kijana anafungiwa msimu mzima. Mimi nilimwambia hizo sheria ni kali, siku moja zitakula mwenye kuzitunga. Akasema mimi ni mwanamke wa kuuza dawa za ng'ombe, nijue dawa za ng'ombe.

Sasa tufike kwa makipa. Mkonge ilipopata nafasi yake ya kwanza ya kuchagua, uwanjani alikuwepo kijana mrefu wa Ngoliba aliyefunga mabao manne asubuhi hiyo. Watu walishaanza kumpigia makofi. Maluki alisimama, akakohoa, akataja kipa. Kipa mwenyewe alishtuka. Mwaka uliofuata akataja kipa tena. Wa tatu, beki, nikashukuru Mungu, kumbe alikuwa kipa zamani. Kufikia 2016 tulikuwa na makipa wanne katika kikosi kimoja, na mimi katibu ndiye niliyepaswa kusimama mbele ya wazazi kueleza huo ni mpango gani.

Alikuwa na hoja yake, na aliikalia kama kuku juu ya mayai. Mshambuliaji, alisema, ukimpata leo, kesho mtu wa mjini amemwona na ameondoka, umebaki na jezi yake. Kipa hakuna anayemtafuta. Kipa anabaki. Timu ni watu wanaobaki, mambo mengine ni kelele. Mimi nilimuuliza watu wanaobaki bila kufunga bao wanabaki wakifanya nini. Tulibishana hivyo karakana ikiwa wazi, tukabishana kanisani wakati wa sadaka, tukabishana kwenye harusi ya Mbinya mpaka bwana harusi akatuomba tutoke nje kidogo. Wenye timu zingine walimcheka waziwazi. Mimi nilitamani kuzama ardhini.

Na makipa wengine hao walikuwa wacheze wapi? Aliwapanga mbele. Munyao, simama wakuone. Huyu Munyao ndiye nahodha wetu leo, fundi wa pampu aliyefunzwa na marehemu, na yuko miongoni mwa watakaobeba jeneza. Mwaka wa 2017 alipangwa nambari tisa, yeye ambaye tangu utotoni alikuwa kipa. Tulikuwa tunacheza na Umoja, sare, dakika za mwisho, krosi nzuri ikatoka kulia, kipa wao ameanguka, goli liko wazi kama mlango wa kanisa. Munyao akaruka. Akaudaka ule mpira kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani, akaanguka nao chini vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Refa mwenyewe alisahau kupuliza. Mimi nilishika kichwa, na ndugu yangu akanigeukia bila aibu hata kidogo, akasema, "Lakini umeona alivyoushika?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Sikatai kwamba wale aliowachagua walibaki. Waangalieni, wamejaa hapa, wengine wana watoto. Wakati wa ukame walisaidiana kutandaza mabomba, na mama yetu alipofariki ndio waliochimba kaburi. Lakini ligi haina kombe la kuchimba. Kila msimu tulikuwa chini, na msimu uliopita tukashika mkia kabisa, tumefunga mabao machache ambayo hata kuyataja kwenye mazishi ni kumwaibisha marehemu.

Ndio maana mwaka huu nilifurahi. Mutiso alifanya mtihani wake wa kidato cha nne Novemba. Huyu si mtoto ninayemsifu kwa sababu ni wetu. Waulizeni makocha wote walioko hapa. Ana mguu wa baba yake na urefu wa wajomba zake wa Bungoma. Tangu akiwa mdogo amekuwa akifua jezi za Mkonge na kubeba mipira ya Mkonge, na anachotaka duniani ni kuvaa ile jezi ya rangi ya katani na kumfungia baba yake mabao. Na kwa mara ya kwanza sisi ndio wa kwanza kuchagua. Nilisema, sasa Maluki hata akitaka kukosea hawezi. Mungu amemwekea chakula mdomoni, ni kutafuna tu.

Tarehe 14 Desemba tulikuwa na mkutano wa timu kwenye karakana. Mutiso alikuwa amekaa mlangoni juu ya pampu mbovu. Mwenyekiti wa siku akauliza tutachagua nani Januari, na watu wakacheka, kwa sababu jibu lilikuwa limekaa pale mlangoni. Maluki akasema tutachagua kipa, kijana mmoja wa Gatuanyaga. Sisi tukadhani ni mzaha. Akarudia. Munyao akamwambia, kocha, makipa tunao. Nikasimama, nikasema maneno ambayo hayafai kusomwa hapa. Nikamuuliza mbele ya watu kama huyu si mtoto wake. Maluki akafunga mkutano. Mutiso akainuka, akamuuliza swali moja, "Baba, mimi sitoshi?" Na baba yake, mtu aliyeweza kuongea siku nzima juu ya beki wa kushoto, akasema ameshasema.

Kijana alihamia kwangu jioni hiyo na begi lake. Krismasi aliila kwangu. Nilimpigia Maluki simu karibu kila siku kumwambia yeye ni mtu wa aina gani, na alinisikiliza, akasema sawa, akakata. Nilichemka. Sikuwahi kumwona mtu mwenye kichwa kigumu hivyo, na mwanawe ni yeye mtupu, kwa sababu huku nako nikimwambia nenda kamsalimu baba yako, ananiambia akiitwa ataenda.

Marehemu alikuwa ameishi na ugonjwa wa sukari tangu mwaka wa 2014. Daktari akimwambia apunguze ugali, anakubali, anapunguza mboga. Baada ya Krismasi mguu wa kulia ulivimba na figo zikaanza kushindwa, na tarehe 29 Desemba tukamlaza katika hospitali moja ya Thika. Nekoye na Mbinya walikuwa naye kwa zamu. Tunawashukuru wauguzi, walimhudumia vizuri. Mutiso alikuja, mjue alikuja. Alikuja mara kadhaa na kukaa kule nje penye pikipiki, akasubiri kuitwa. Ndani kuna mzee anayesubiri mtoto aingie, nje kuna mtoto anayesubiri kuitwa, na katikati ni mimi napanda na kushuka ngazi kama mwendawazimu.

Jumapili tarehe 5 Januari, Nekoye akiwa ameenda kunywa chai, Maluki alinishika mkono akaniambia nikae. Nilijua anataka kuniambia mambo ya shamba. Nikajikaza. Akasema, "Boaz anachagua wa pili."

Nilitaka kumrudishia blanketi usoni. Nikamwambia, Maluki, wewe ni mgonjwa. Akaendelea tu, polepole, akipumzika kati ya maneno. Akanieleza kwamba Umoja kila mwaka wako juu, kwa hiyo huchagua mwishoni, wakati vijana wazuri wameshachukuliwa. Msimu uliopita tu ndipo waliponyang'anywa pointi kwa kumchezesha kijana ambaye hakuwa amesajiliwa, wakaangukia nafasi ya tano. Sisi wa sita. Kwa hiyo mwaka huu, na labda mwaka huu pekee, tukimwacha Mutiso apite, mkono unaofuata ni wa Boaz. Na Boaz, wote mnajua, kila kijana anayemchukua humtafutia nafasi ya kusoma pale chuoni na pahali pa kulala, mpaka atoke na ufundi wake. Tukimchukua sisi, ni miaka mitatu hapa. Sheria ni yake mwenyewe. Hawezi kuivunja kwa sababu mtoto ni wake.

Nikamwambia basi si ungemwambia mtoto, jamani, si ungemwambia hata neno moja? Akasema akimwambia, Mutiso atamwambia Boaz, au Boaz ataulizwa, na hayo ni makubaliano ya pembeni, atafungiwa. Na hata asipofungiwa, hatakubali. Atakataa kwenda, atasema anabaki na baba. Nikamuuliza kuna ubaya gani mtoto kubaki na baba yake. Akasema, "Ndila, mimi nililelewa na Ruiru. Nikimchagua, atabaki kwa sababu yangu, na mimi siko."

Nilimvutia lile blanketi mpaka kifuani. Aliniomba nisimame Jumamosi nimtaje yule kipa, na Jumapili, mambo yakishakwisha, nimweleze Mutiso yote. Nikakubali ili apumzike. Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 7 Januari 2025, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Sasa nawauliza ninyi, mtu huyu nimfanyie nini? Aliniambia nimwambie mtoto Jumapili. Hakuniambia kwamba yeye atazikwa Alhamisi. Alitaka kijana huyu abebe jeneza la baba yake mpaka kaburini akiamini kwamba baba yake hakumtaka, asimame Jumamosi mbele ya umati aone timu ya baba yake ikimruka, halafu Jumapili mimi ndio nije na chai na maelezo. Hesabu zote aliziweza, hiyo ikamshinda. Nimekasirika naye, sifichi. Nimekasirika tangu Jumanne, na kila nikitaka kumpigia simu nimwambie, nakumbuka.

Kwa hivyo nimesema leo. Najua mwenyekiti wa ligi, Bwana Wamalwa, yuko hapa na atakuwa ameanza kukuna kichwa. Bwana Wamalwa, sheria inasema makubaliano ya pembeni. Mimi nimesema mbele ya makocha wa timu zingine zote tano, mbele ya Mchungaji na mbele ya marehemu. Pembeni iko wapi hapo? Na Boaz, sijakuomba kitu na hujaniahidi kitu. Zamu yako ikifika, chagua unavyotaka. Chagua hata kipa.

Mutiso, mwanangu. Uliuliza kama hutoshi. Unatosha. Mimi ningekuchagua kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu, na Mungu anajua ninavyotaka nikuone kila jioni ukipita dukani kwangu na jezi yetu. Lakini Jumamosi nitasimama, nitataja mtu mwingine, na wewe utakuwa unanitazama. Usiangalie chini. Ukisikia jina ambalo si lako, ujue hapo ndipo baba yako anapokuita, na anakuambia nenda.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Nekoye, watoto wawili, Mbinya na Mutiso, mkwe mmoja na mjukuu mmoja, mama mdogo mmoja, sisi ndugu zake wanne, shemeji na wapwa wengi. Ameacha karakana, ambayo Munyao ataiendesha. Ameacha pia Mkonge Stars, ambao msimu huu tena hawana mshambuliaji.

Mungu akupokee, Maluki, akupumzishe mahali pema. Miaka ishirini nimekukatalia kila jina ulilotaja. Hili nimelikubali.